Kiapo cha Mkalimani

Mkalimani alipiga simu saa mbili asubuhi: mto umefurika kwenye njia ya kutoka mpakani, magari hayavuki. Wakili Ejore, aliyekuwa ametoka Lodwar alfajiri kwa barabara nyingine, alibaki amesimama nje ya mahakama pale Kakuma, jasho likimtoka na jua lenyewe bado changa.

Mteja wake, Olive, alikuwa kiziwi. Mumewe Anatole, waliyekimbia naye vita Kongo, alifariki mwaka jana, na shemeji yake Magloire akamchukua binti yao Sylviane, mwenye miaka sita. Sasa Magloire alikuwa amepata nafasi ya kuhamia ng'ambo. Ndege ilikuwa keshokutwa. Akipanda na mtoto, basi tena.

Kesi za namna hii Ejore alizijua kuliko alivyotaka. Mama yake, kule Lorugum, alikuwa kiziwi pia. Baba alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua Ejore apelekwe Nakalale kwa baba zake wadogo. Mama alirusha mikono, akapiga kifua, akagaagaa mavumbini. Wazee wakasema, "Hajasema neno. Amekubali." Ikapita miaka minne kabla hajamwona tena. Ndiyo maana, alipofungua ofisi Lodwar, aliwapokea kwanza wale ambao mawakili wengine waliwaona ni usumbufu: viziwi, vipofu, wakimbizi wasio na lugha ya kortini.

Olive hakuwa amesoma lugha ya ishara ya shuleni. Alizungumza kwa ishara alizobuni na Anatole. Ejore na yule mkalimani walikuwa wamekaa naye wiki nzima wakijifunza moja moja.

"Mheshimiwa, naomba tuahirishe," Ejore alimwambia hakimu Jepkoech.

Wakili wa Magloire alisimama. "Mteja wangu amesubiri nafasi hii miaka tisa. Mtoto anaelewa ishara za mama yake. Atafsiri yeye."

Ejore aliinuka. Mtoto atafsiri jinsi mama yake anavyomlilia yeye mwenyewe?

"Nitatafsiri mimi, Mheshimiwa."

"Wakili hawezi kuwa mkalimani wa mteja wake."

"Basi najiondoa kama wakili."

Alimgeukia Olive, akamweleza kwa mikono: nikiwa mdomo wako, siwezi kuwa ngao yako. Olive akagusa midomo yake mwenyewe: alichagua mdomo. Upande wa pili haukupinga. Nani angekataa kupambana na mtu asiye na wakili? Ejore akala kiapo.

"Mtoto akilia usiku, ulikuwa unajuaje?" wakili wa Magloire aliuliza.

Mikono ya Olive ilikwenda polepole. Ejore akasema, "Nilikuwa nalala mkono wangu ukiwa kifuani mwake."

"Umewahi kumpoteza?"

Angekuwa bado wakili, angeruka kupinga. Olive alijibu bila kuficha, na Ejore akalazimika kulisema jibu lake neno kwa neno: "Ndiyo. Kwenye bomba la maji. Aliniita, sikusikia. Nilimtafuta mpaka jua likatua."

Wakili akaketi, ameridhika. Hakukuwa na wa kusimama kuuliza ni nani aliyempata mtoto. Ejore alijua ni Olive mwenyewe. Lakini mkalimani haongezi neno.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Mtoto hatasafiri kwa siku kumi na nne. Afisa wa watoto alete ripoti, na mama atafute wakili. Kwa sasa mtoto atabaki kwa baba yake mdogo."

Magloire alijifunika uso. "Anatole aliniachia huyu mutoto," alisema huku akilia. "Nafasi yangu itapotea."

Akamshika Sylviane mkono, wakatoka. Olive, ambaye hakuwa amesikia lolote, alimvuta Ejore shati: amesema nini? Wanakwenda wapi?

Akamtafsiria. Hilo nalo lilikuwa ndani ya kiapo. Olive alifungua kinywa, na sauti iliyomtoka ikamfanya karani aache kuandika.

Nje, Ejore alimpigia Wanjugu, wakili mwenzake wa Lodwar.

"Nina mama hapa hana wakili. Nitakufundisha ishara zake."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ejore, hiyo lugha haifundishiki kwa siku kumi na nne."

"Najua," alisema. "Njoo leo."