Sala ya Kapu Kando ya Kitanda

Mume wangu Kamate ana sala moja. Simdharau. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili tangu tulipotoka Butembo, na kama angekuwa na ya pili ningekwisha kuisikia.

Yeye ni shemasi wa sadaka katika kanisa letu hapa Bunia. Kila Jumapili, vikapu vikishazunguka na kurudi mbele, husimama, huvuta koti lake la kahawia, hukohoa mara mbili, kisha huomba: "Baba wa mbinguni, tumesimama mbele zako na vitu hivi vidogo. Uwabariki waliotoa kwa moyo wa kupenda. Na wale waliotamani kutoa lakini hawakuwa nacho, Bwana, uwakumbuke. Mifuko iliyotoboka uizibe. Uongeze mara mia. Amina." Neno halipungui wala halizidi. Mpiga kinanda akisikia "iliyotoboka" huweka vidole tayari, ili wimbo na Amina viingie pamoja.

Nyumbani Kamate haombi kabisa. Kuombea chakula ni kazi yangu, na niseme ukweli, naifanya vizuri na haraka, maana bugali haungoji mtu.

Mwezi wa tano nikaambiwa tumboni mwangu mna uvimbe, na sharti nipasuliwe Jumatano asubuhi. Watu walidhani naogopa kisu. Kisu sikukiogopa. Niliogopa kulazwa usingizi ule wao na kutoamka tena, basi, mambo yangu yaishie hapo na sufuria zangu zigawanywe na mashemeji. Usiku na mchana niliwaza hilo tu. Na nilitaka kitu kimoja, nikamwambia Kamate waziwazi siku ya Jumanne, asije akasema hakuelewa.

"Kesho, mbele ya kunipasua, uniombee. Miye. Kwa jina yangu."

"Françoise, weye pia unauliza," akasema. "Kuomba si njo kazi yangu?"

Nikaridhika. Mjinga mimi.

Pale hospitali, kwenye kitanda cha jirani, alilala Mama Charlotte, mkulima wa Gety, mguu umevunjika na kufungwa plasta hadi kwenye paja. Mama huyu alikuwa na tabia iliyonikera tangu siku ya kwanza: alizungumza na Mungu kama mtu aliyekaa pale miguuni pake amekuja kumsalimia. Hakufumba macho wala hakuanza na Baba wa mbinguni. "Mungu, ile muhogo yangu iko pori sasa, weye njo unaona. Na huyu docta amesema wiki tatu ingine. Nitafanya nini hapa wiki tatu?" Halafu ananyamaza, anasikiliza kidogo, anasema "Haya," na kuendelea kumenya ndizi yake. Mimi, mke wa shemasi, nilimwona kama mtu mwenye homa.

Jumatano asubuhi Kamate akafika. Alikuwa amevaa koti la kahawia. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nikajiambia ni heshima tu. Aimée, muuguzi, alikuwa amekwisha kufungua breki za kitanda changu anisukume, akamwachia nafasi. Kamate akasimama kando yangu, akavuta koti, akakohoa mara moja.

Alipokohoa mara ya pili nilijua.

"Baba wa mbinguni, tumesimama mbele zako na vitu hivi vidogo..."

Akaenda nayo yote. Waliotoa kwa moyo wa kupenda, akawabariki. Waliotamani wakakosa, wakakumbukwa. Mama Charlotte, mtu mwenye adabu zake, akaingiza mkono chini ya mto kutafuta kitu cha kutoa. Mifuko ikazibwa. Aimée akaitikia Amina kwa mazoea, kisha akanitazama, akatazama dari.

"Kamate," nikasema. "Umeombea sadaka."

"Nilisema aongeze mara mia."

"Aongeze nini? Uvimbe?"

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kipara.

"Françoise, ile sala inatoka yenyewe. Nikisha kukohoa, inatoka."

"Na miye niko wapi mu ile sala? Niko kwa wale wenye walitoa, ao kwa wale wenye walikosa?"

Nikageuza uso ukutani, nikamwambia Aimée anisukume twende. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu mkubwa zaidi. Miaka ishirini na miwili, na mtu hana maneno kumi ya kumwambia Mungu juu yangu.

Ndani kulikuwa na baridi na taa kubwa. Docta Lionel, kijana mpole ambaye macho tu ndiyo yalionekana juu ya kitambaa cha mdomo, akasema kwamba wao hapo huomba kwanza.

"Mama, utaomba weye mwenyewe ao nikusaidie?"

"Nitaomba," nikasema. Nilitaka hata kuta zisikie jinsi mtu anavyoomba. Nikafumba macho.

"Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki ulichotuandalia."

Nikasikia mtu mmoja akivuta pumzi. Nilitaka kuacha, lakini mdomo haukunisubiri. Unajua njia yake, huipita mara tatu kwa siku. "Ubariki mikono iliyokitayarisha. Uwape na wengine wasio nacho. Kikatutie nguvu mwilini mwetu..."

Nikafumbua macho. Docta Lionel alikuwa amefumbua jicho moja. Visu vilipangwa vizuri juu ya kitambaa safi, watu wanne wamenizunguka, na mimi katikati, nimeombewa tayari. Hakuna aliyethubutu kusema Amina.

Nikaona aibu, ikanipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimemwacha Kamate kule nje kama mwizi aliyekamatwa, kumbe nilikuwa na mzigo uleule mdomoni. Nikatafuta maneno mengine, na hayakuwepo. Nikamkumbuka Mama Charlotte na ndizi yake.

"Mungu," nikasema, macho wazi. "Niko naogopa. Ni hiyo tu."

Nikanyamaza kidogo, kama yeye.

"Haya," nikasema.

"Amina," akasema Docta Lionel, polepole, na wakanilaza usingizi.

Nilipoamka nilikuwa tena karibu na Mama Charlotte. Kamate hakuwepo, alikuwa ametumwa kununua dawa. Tumbo liliwaka moto, na huo moto ulinifurahisha, maana wafu hawaumwi.

"Bwana yako ni mutu ya ajabu," akasema Mama Charlotte, hakungoja hata nigeuze kichwa. "Weye ulipoenda, alibaki pale kitanda yako ilikuwa. Akakohoa mara mbili. Akaanza vitu vidogo vidogo, akaacha. Akakohoa tena, ikakuwa ile ile. Mara tatu. Nikamwambia, papa, acha kukohoa."

"Na yeye?"

"Akatoa koti. Akakaa chini, pale kwa sakafu. Akasema, Mungu, Françoise iko mule ndani. Miye sijui namna ya kusema. Weye unamujua. Analala upande ya ukuta. Nikichelewa kurudi ananitukana mbele ya watu, na akimaliza ananiwekea chakula. Usimuchukue. Nitafanya nini miye na ile nyumba?" Mama Charlotte akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Kisha akalia. Alilia vibaya, mpaka yule mama wa kitanda ya tatu akaomba bamuhamishe. Amina nilisema miye."

Kamate aliporudi na dawa, nilimshika mkono tu. Alidhani naumwa sana, akakimbia kumwita Aimée.

Jumapili ya tano baadaye nilirudi kanisani, nikakaa benchi la pili upande wa akina mama, kitambaa kimefungwa tumboni. Vikapu vikazunguka, vikarudi mbele. Kamate akasimama. Akavuta koti. Nikasubiri kikohozi, na watu wote mia mbili wakasubiri pamoja nami bila kujua kwamba wanasubiri.

Hakukohoa.

"Mungu," akasema, kwa sauti ile anayoitumia kuomba chumvi mezani. "Françoise amerudi. Aksanti."

Akakaa.

Mpiga kinanda alibaki na vidole hewani akingoja "iliyotoboka". Watu walibaki wameinamisha vichwa, wengine wakaanza kuchunguliana chini ya mikono. Nusu ya kwaya ikaanza wimbo, nusu nyingine haikuanza. Baada ya ibada wazee wa kanisa waliketi kikao kizima kuamua kama sadaka ile imebarikiwa au iombewe upya, na wakamwita Kamate ajieleze.

Alisema alisahau maneno. Walimsamehe, wakamwandikia sala yake kwenye karatasi, aiweke mfukoni mwa koti. Naambiwa wapo mpaka leo wanaosema kwamba siku ile hatukuombewa.

Mimi nilikuwa benchi la pili, na nilisikia jina langu.