Mama wa Kiti cha Mbele

Fundi cherehani alikuwa amesimama mbele ya mizani ya malori tangu asubuhi, begi begani na chupa ya maji mkononi, akipunga mkono kila gari lilipotoka kupimwa. Mahali alipachagua vizuri. Lori likishapimwa huondoka polepole, na dereva anapata nafasi ya kumtazama mtu usoni. Shida ni kwamba walimtazama kweli, wakaona ni msichana, ni mgeni, yuko peke yake, wakakanyaga mafuta. Wawili tu ndio waliosimama. Wa kwanza alitaka nauli. Wa pili hakutaka nauli, na Fundi alipoelewa anachotaka alirudi nyuma, akasema asante baba, mimi kuna mtu namsubiri.

Na kweli akaja mtu. Jua lilipofika utosini, mama yake alitokea upande wa mtaro, mkoba wake mweusi kwapani, akipangusa udongo kwenye viatu. Mama huyu alikuwa amefariki mwaka juzi kwa presha. Alimkagua mwanawe kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Hebu simama wima. Umeegemea hapo kama ufagio, nani atakupakia?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesikia unakwenda kwa kaka yako."

"Nani kakwambia?"

"Kule tuliko habari zinafika kabla ya simu."

Kaka yake Fundi alikuwa mpishi katika mji mmoja wa bandari, mipaka miwili kutoka kwao, na figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma kufanya kazi. Fundi alikwenda kupimwa. Damu ikalingana, na vile vingine vyote wanavyovipima vikalingana, mpaka daktari akauliza kama wao si pacha. Vipimo ndivyo vilivyomeza nauli ya basi. Kilichobaki ni miguu, magari ya watu, na hiyo figo yenyewe, ambayo kaka yake hakuwa na uwezo wa kuingoja sana. Hospitali ilikuwa imemwambia hivyo kwa upole, na hospitali ikianza kuwa na upole, mwenye akili anafunga safari.

Lori la vitunguu likatoka kwenye mizani, likasimama lenyewe bila kupungiwa. Dereva alishuka, akavua kofia, akampita Fundi kama nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo mama. Pole sana. Lini?"

"Marahaba, baba. Mwaka juzi."

"Nini?"

"Presha."

"Presha itatumaliza," dereva akasema, akamfungulia mlango wa mbele.

Kwenye barabara ile hakuna anayemwacha mtu mzima juani, na akiwa marehemu ndiyo kabisa. Ni adabu, na adabu ile ina faida zake, tusidanganyane. Kwenye kizuizi, askari akichungulia na kuona nani amekaa mbele, anavua kofia, anasema poleni, anainua kamba. Tairi haliangaliwi, taa ya nyuma haiulizwi, wala hakuna habari za chai. Dereva wa vitunguu alivuka vizuizi vyote siku ile huku akipiga mluzi.

"Kufa kufaana, mama. Usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa vibaya. Punguza mwendo."

Mama alikuwa na taratibu zake za lifti. Yeye anapanda kwanza, anakaa katikati, binti anakaa dirishani. Namba ya gari anaisoma kwa sauti mbele ya dereva, mara mbili, polepole, kama mtu anayependa tu namba. Halafu anauliza, "Na mama yako yuko wapi, mwanangu?" Swali hilo lilikuwa na nguvu kuliko mkanda wa kiti. Wengine walipunguza mwendo, wengine walisimama kando wakampigia simu mama yao, na mmoja, aliyekuwa amebeba saruji, alilia hadi wakalazimika kungoja atulie.

Dereva mmoja tu ndiye aliyejaribu. Alijifanya anatafuta gia, mkono ukapita juu ya mapaja ya mama ukielekea dirishani.

"Mkono wako umepotea njia," mama akasema, akaushika.

Aliushika mpaka mji uliofuata, akizungumza naye vizuri tu kuhusu bei ya matairi. Waliposhuka dereva alishukuru, akaenda kuuweka mkono juani.

Fundi alikuwa na furaha, na alijionea aibu kwa sababu yake. Mama yake alipokuwa hai hawakuwahi kusafiri pamoja hata mara moja. Sasa walikula ndizi kwenye vituo vya mafuta, yaani yeye alikula na mama alimenya, wakawasengenya shangazi wote, walio hai na waliotangulia. Kwenye mpaka wa kwanza hakuna aliyewauliza kitu, maana mlinzi wa pale alikuwa amekwenda kunyoa.

Karibu na mpaka wa pili walimkuta kijana wa mkoba. Alitoka nchi za mbali, mgongoni ana mzigo mkubwa kama friji, na alikuwa akizunguka dunia kwa lifti bila kulipa nauli. Kwao pesa zilikuwapo, ila alikuwa amezipumzisha. Alisema anatafuta uhuru. Alikuwa mtu mwema kweli. Alimgawia Fundi mafuta ya kujipaka yasiyopitisha jua, akamfundisha aliyoyajua: usivae miwani ya giza, wape nafasi ya kuona macho yako, tabasamu, usisimame kwenye kona, giza likikaribia, tafuta pa kulala. Mambo hayo alikuwa akiyaandika mtandaoni na watu wengi walimfuata.

"Mimi kila gari linanisimamia," alisema. "Watu wa huku wana roho nzuri sana. Si ndiyo?"

"Wanayo," Fundi akasema.

Kijana aliwatazama mama na binti, akafikiri. "Lakini kusafiri na mama ndiyo mbinu bora niliyowahi kuona. Ningeandika. Tatizo wangu yu hai."

"Pole," mama akamwambia. "Usikate tamaa."

Wakafika mpakani wote watatu kwenye lori moja la mbao. Pale palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, dirisha dogo, na afisa wa uhamiaji aliyevaa koti lililokosa kifungo kimoja tumboni. Alipomwona mama alisimama.

"Shikamoo mama. Poleni na safari. Pita tu."

"Na huyu mwanangu?"

Afisa alipokea pasipoti ya Fundi, hakuifungua. Rangi ya jalada ilimtosha.

"Huyu yu hai," alisema.

"Yu hai, ndiyo, namshukuru Mungu."

"Hapo ndipo penye ugumu, mama. Marehemu hatafuti kazi, haumwi, hapangi chumba. Walio hai wa kwenu wakiingia hawatoki."

Kijana wa mkoba akaona asaidie. Alisema huyu ni msafiri kama yeye, wanatembea tu, wanaona dunia. Afisa alicheka kidogo, kwa namna ya mtu anayecheka na mtoto wa bosi.

"Wewe unatembea, kaka. Mwenye pasipoti hii hatembei, anahama. Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Sijui bado."

"Karibu sana," afisa akasema, akamgongea muhuri.

Sasa mama alikuwa na kasoro moja ambayo hata kifo hakikuiponya: aliamini kwamba ukweli, ukisemwa na mtu mzima kwa sauti ya kutosha, unafungua mlango wowote. Akaegemeza mkoba wake dirishani.

"Mwanangu hahami wala hatembei. Anampelekea kaka yake figo."

Afisa akamwita mwenzake wa forodha. Yule alikuja anafuta mdomo.

"Figo iko wapi?"

"Ndani yake."

"Ah." Mtu wa forodha alisikitika kwa dhati. "Ingekuwa kwenye barafu ingepita leo leo, mzigo una njia yake. Lakini ikiwa ndani ya mtu, hiyo ni mtu. Mtu ni wa dirisha hili."

"Haji kuchukua chochote kwenu," mama akasema. "Anakuja kuacha. Ataingia na mbili, atatoka na moja. Mnapata faida."

"Naelewa, mama," afisa akasema, na alielewa kweli, ilionekana machoni. "Ingekuwa ni mimi, ningeshafungua."

Fundi akauliza ni nani basi. Afisa akainua macho kwenye dari, na Fundi naye akatazama dari, ambayo ilikuwa na feni.

Upande wa pili wa geti lori lilikuwa tayari limesimama, dereva kavua kofia. Kijana wa mkoba alikuwa amekwishapandisha mzigo wake. Mama akamshika binti yake shavuni.

"Acha mimi nitangulie nikamwangalie. Wewe kaa hapa. Na usipande gari la mtu yeyote, nitaudhika."

Basi Fundi akakaa. Mkono mtupu haulambwi, na yeye mkono wake ulizoea sindano, akaanza kushona. Aliwashonea wachuuzi waliopita na mizigo, akawashonea madereva viti vilivyopasuka, akalala kwenye benchi la nyuma ya ofisi, ambako afisa alimruhusu ingawa si utaratibu. Kila asubuhi alikwenda dirishani na pasipoti yake, na kila asubuhi afisa alisema ingekuwa ni yeye. Siku moja Fundi akamwambia avue koti. Akatafuta kwenye kopo lake kifungo cha rangi ile ile, akakishona kwa uzi wa kukunja mara nne ili kisitoke tena. Afisa alijitazama kwenye kioo cha gari la mtu, akashukuru sana, akarudi kukaa dirishani.

Jioni alimpigia simu kaka yake.

"Mama amefika," kaka alisema siku ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Amekaa hapa kitandani. Amegombana na wauguzi kuhusu mto."

"Wamefanyaje?"

"Wamebadilisha mto."

Madaktari nao walimpokea mama vizuri. Alijitolea figo zake mwenyewe, zote mbili, akasema yeye hana kazi nazo. Daktari mkuu alimshukuru, akamweleza kwamba za marehemu wa siku nyingi hazishiki. Mama akamwambia angekuja mapema kama angejua, na daktari akamwambia asijilaumu.

Siku zilizofuata kaka alizungumza kidogo zaidi kila mara. Fundi alimwambia vumilia, naja, wanasema huenda sheria itabadilika. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Kaka akasema:

"Mama anasema kufa hakuumi."

"Mwambie mama anyamaze!" Fundi akapiga kelele, hadi wachuuzi wakageuka. "Umesikia? Mwambie anyamaze kabisa!"

Akakata simu, akalia kwa hasira. Aliwachukia afisa na dirisha lake, akaichukia pasipoti, na kwa muda mfupi akamchukia hata mama yake, ambaye pamoja na kasoro zake hakuwahi kumwambia mtoto wake uongo.

Walikuja mchana mmoja, kwenye lori tupu lililokuwa linarudi kufuata mzigo. Mama alishuka kwanza, mkoba kwapani. Nyuma yake akashuka kaka. Uvimbe wa uso ulikuwa umekwisha, miguu ilikuwa myembamba kama zamani, na alitembea kwa wepesi, kama mtu aliyetoka kuoga. Pasipoti yake, ya rangi ile ile, alikuwa ameiacha hospitali, maana hakuona haja ya kuibeba.

Afisa alipomwona alitoka nje kabisa. Alijifunga koti vizuri, vifungo vyote, akavua kofia, akainua geti kwa mkono wake mwenyewe.

"Pole sana, kaka. Shikamoo mama. Piteni, piteni tu."

Wakapita. Fundi alikuwa amesimama upande wake, uzi bado umening'inia mdomoni. Kaka yake akamkumbatia. Alikuwa baridi kidogo, na alinuka sabuni ya hospitali.

"Nilikuwa nakuletea," Fundi akasema.

"Najua."

"Nilifika mpaka hapa."

"Najua, dada. Mama alinionyesha kupitia dirisha la hospitali, siku ile ulipokuwa unashona koti. Kule macho yanafika mbali."

Mama akasema jua ni kali, wasimame mahali dereva wa kuelekea kwao atakapowaona. Hawakuhitaji. Gari la kwanza kutokea, lori jipya lenye mapazia kwenye vioo, lilifunga breki kabla hata hawajainua mkono. Dereva akaruka chini, kofia tayari iko mkononi, akaamkia, akatoa pole mbili, akauliza lini na nini. Wakamjibu. Akatikisa kichwa. Akaufungua mlango wa mbele, akafuta kiti kwa kitambaa chake, akasema kuna nafasi nzuri ya wawili, wajinyooshe.

Halafu akamwona Fundi. Alimtazama uso, akatazama jasho, akatazama kifua kinachopanda na kushuka, akasogea pembeni na mama ili asisikike.

"Na huyu naye yuko na nyinyi?"

"Ni mwanangu," mama akasema. "Yu hai, lakini hana neno."

Dereva alisitasita, akakuna kichwa, akatazama barabara mbele na nyuma. Mwishowe akasema sawa, kwa heshima ya mama, ila apande nyuma, na wakikaribia kizuizi alale chini ya turubai.