Tundu Chini ya Tangi

Ukitaka kujua boti inavuja wapi, na ziwa liko mbali nawe, huipeleki boti kwenye maji. Unaipelekea maji. Unaijaza ndani, kisha unalala chali chini yake na kungoja, kwa sababu pale maji ya ziwa yalipoingilia ndipo maji ya bomba yatakapotokea.

Osmund aliyajua hayo tangu ujana wake. Hata hivyo alikaa miaka saba ubavuni mwa boti ile, katika yadi ya mradi wa uvuvi pale Msamala, Songea, na hakuwahi kuimwagia hata kikombe kimoja. Mwanzoni alizuiwa. Aliambiwa boti ni kidhibiti cha ushahidi, isiguswe mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi uliisha, wakubwa wa mradi wakahamishwa mmoja mmoja, na mwisho mradi wenyewe ukafa, akabaki yeye na rungu la ulinzi. Hapo hapakuwa tena na mtu wa kumzuia isipokuwa hofu yake.

Alikuwa nahodha wa boti ile. Alfajiri moja ya mwaka 1986 aliitoa Mbamba Bay na abiria tisa, wakielekea Lituhi. Siku mbili tu kabla ya hapo ilikuwa imerudi kutoka Songea, ilikopelekwa kwa lori kuzibwa tangi la petroli lililokuwa likivuja. Waliondoka saa kumi na moja. Saa mbili asubuhi mtoto mmoja alisema miguu yake imelowa. Maji yalikuwa yamepanda hadi juu ya mbao za sakafu, boti imekuwa nzito kama ng'ombe aliyelala, na wimbi la kwanza lililopita ukingoni ndilo lililoimaliza. Mitumbwi ilikuja. Abiria wanane waliokolewa. Wa tisa alikuwa Kunegunda, dada yake mkewe.

Boti ilipovutwa ufukweni, kizibo cha shaba cha nyuma, kile kinachofunguliwa ili kutoa maji, hakikuwepo. Labda waliovuta ndio waliokichomoa. Labda hakikufungwa kabisa. Wachunguzi wakaandika la pili, wakafunga faili.

Ursula, mkewe, hakupiga kelele. Siku ya tatu ya matanga alimwita nyuma ya nyumba akamuuliza, "Ulikifunga?"

Nahodha mwingine angesema ndiyo. Osmund aliutafuta mkono wake mwenyewe katika giza la alfajiri ile, ukikizungusha kizibo, asiuone. Alifanya kazi ile kila siku kwa miaka kumi na moja, na asubuhi zote zilifanana.

"Sijui," akasema.

Ursula akaingia ndani. Boti ilipopandishwa Songea kwa uchunguzi, Osmund alipanda nayo, na hapakuwa na mtu aliyemwambia rudi.

Sasa biashara ilikuwa imeachwa huru, mali za miradi zinauzwa, na boti alikuwa ameinunua kijana mmoja aitwaye Goodluck, mfanyabiashara aliyeingia Songea na marobota ya mitumba na kukuta mji unampenda. Alhamisi asubuhi, mwezi wa saba, baridi ikiuma masikio, alifika yadini akamkuta Osmund ana ndoo mkononi na mapipa manne ya maji pembeni.

"Shikamoo mzee. Meli yako inataka kuzama hata nchi kavu?"

"Marahaba. Nataka inionyeshe vidonda vyake."

"Ikuonyeshe upesi. Jumatatu lori linashuka ziwani. Rangi si kitu, mzee, rangi nitapaka mwenyewe. Nataka isivuje. Nitapakia akina mama wenye watoto mgongoni." Alipiga ubavu wa boti kwa kiganja kama anayenunua mbuzi. "Na utaiendesha wewe."

"Watu wa kule hawatapanda boti ninayoiendesha mimi."

"Watu hupanda chochote chenye nauli ndogo," Goodluck akasema, akacheka, akaenda zake.

Osmund alibaki na ukimya wa yadi. Alikuwa ameuzoea. Kulikuwa na siku sauti pekee aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe ikisali rozari, na siku nyingine aliisali kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, ili pawe na mazungumzo. Alifanya ishara ya msalaba. Hakuomba boti ipone. Alisema, "Bwana, kama ni mimi, nionyeshe. Kama si mimi, nionyeshe pia. Nimechoka kutojua."

Kisha akamimina.

Kizibo kipya alikuwa amekichonga kwa mti mgumu, akakikaza kwa mpira. Alijaza mpaka maji yakafika usawa wa mbao za sakafu, akachora mstari wa chaki, akatandika gunia, akalala chini. Tone la kwanza lilitoka kwenye boliti zinazoshika injini, jingine kwenye ufa mwembamba ubavuni. Alipazungushia chaki. Hivyo ni vidonda vya uzee, havizamishi mtu. Kisha akaona, nyuma kidogo ya katikati, mahali ambapo faiba, ngozi ya boti, ilikuwa nyeusi kwa uchafu, uzi wa maji ukishuka bila kukatika, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Aliuweka mkono wake chini ya uzi ule, akauacha ulowe hadi kiwikoni.

Juu ya mahali pale, ndani, lilikaa tangi la petroli chini ya benchi. Ilimchukua hadi mchana kulegeza mikanda yake iliyokula kutu. Alipolinyanyua, maji chini yakaanza kutoka kwa nguvu mpya, maana mguu wa tangi, kwa kutu na uchafu wa miaka saba, ndio uliokuwa umepaziba mahali pale. Lilikuwa tundu la skrubu lililopanuka, unene wa kidole kidogo. Skrubu yenyewe haikuwepo. Ukingoni mwa tundu mlikuwa na nyuzi za pamba zilizogandamana na utando mweupe mweupe. Akaligeuza tangi. Kwenye mshono wake, pale lilipozibwa zamani, palikuwa na donge la manjano, gumu kama jiwe, lililochanganywa na pamba ileile.

Sabuni. Kila fundi wa magari anajua kuwa tangi likivuja, unaponda sabuni ya mche na pamba, unaziba, na petroli haipiti. Petroli haiyeyushi sabuni.

Osmund aliketi kwenye ukingo wa boti. Alijua ni nani aliyeliziba tangi lile. Katika mji mzima wa Songea alikuwa na rafiki mmoja, na rafiki huyo alikuwa fundi Saleh wa Majengo, Myao wa Tunduru. Alipotoka mahabusu, alikowekwa mwanzoni mwa uchunguzi mwaka ule, akiwa hana wa kumsalimu, Saleh ndiye aliyemwita kutoka chini ya lori, "Wewe nahodha, njoo unishikie taa." Kila Jumapili baada ya misa alipita gereji kwake, wakanywa chai. Kwa miaka saba hiyo ndiyo siku aliyoisubiri.

Lakini tundu peke yake halikuwa jibu. Boti inaweza kuwa na tundu na kizibo kikawa wazi vilevile. Aliwaza, kisha akaona kwamba maji yenyewe yanaweza kusema.

Kesho yake, Ijumaa, alijaza tena hadi mstari wa chaki. Aliliziba tundu kwa kidude cha mpira, akachomoa kizibo cha nyuma, akatazama saa yake ya mkono. Maji yalitoka kama ng'ombe anavyokojoa. Dakika ishirini na mbili, boti ikawa kavu. Akajaza mara ya tatu, ndoo kwa ndoo, mabega yakiwaka. Safari hii alifunga kizibo, akaliacha wazi tundu la chini ya tangi. Akaketi kwenye gunia na rozari yake. Alimaliza mafungu yote, akaanza upya. Jua likapita juu ya paa la stoo. Yalipokwisha, muda wa saa mbili na dakika hamsini ulikuwa umepita.

Tangu kuondoka saa kumi na moja hadi mtoto kulowa miguu saa mbili. Muda wa saa tatu.

Kama angekisahau kizibo, wangelowa miguu kabla mji haujapotea machoni. Wangerudi wakicheka. Mkono wake ulikuwa umekifunga asubuhi ile, kama ulivyokifunga asubuhi zote.

Alidhani akijua atalia, au atapiga magoti. Hakufanya lolote. Alikaa tu, akatafuta mtu wa kumwambia, na mtu aliyemjia kichwani alikuwa Saleh.

Naye Saleh akaja, ametoka kuswali Ijumaa, kanzu imekunjwa kiunoni, chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha mkononi.

"Nahodha wa nchi kavu! Umevua wangapi leo?"

"Nimevua Myao mmoja, ana mdomo kuliko kambare."

"Huyo mtupe, nyama yake ngumu." Saleh alicheka, akaweka chai chini, ndipo akaliona tangi. Akaliinamia. Uso wake ukafunguka kwa furaha. "Wallahi! Kazi yangu hii! Miaka saba, na tazama, bado imeshika! Gonga hapo uone."

Osmund hakugonga.

"Siku ile uliziba tangi tu?" akauliza.

"Tangi, na kidonda kingine hapo chini yake. Boti ilikuwa inalia majimaji kwa nje, nikajua ni petroli imepita. Nikaipiga sabuni hiyohiyo." Akatazama ndani, akaliona tundu, akaona maji yaliyobaki yakilizunguka na kushuka. "Mbona imetoka?"

"Sabuni, Saleh. Ndani ya ziwa."

Fundi alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Maisha yake yote alifanya kazi na vyombo vinavyobeba maji ndani, radieta na mapipa, si vyombo vinavyokaa juu ya maji. Osmund aliona fahamu ile ikimwingia taratibu, kama baridi inavyoingia chini ya mlango. Saleh alirudi nyuma akakaa kwenye pipa.

"Yule mama," akasema. "Jina lake nani? Sijawahi kukuuliza."

"Kunegunda."

"Inna lillahi." Aliitazama mikono yake yenye weusi wa oili usiotoka kwa sabuni yoyote. "Na wewe umekaa hapa. Unakuja kunywa chai kwangu."

"Hukujua."

"Ningeuliza, ningejua. Fundi akikuta maji, anayaonja kwa kidole. Sikuonja." Akamgeukia Osmund. "Utakwenda kwa mkeo. Utamwambia nini?"

"Kwamba nilikifunga."

"Atauliza maji yalipita wapi."

Osmund akaligeuza tangi, donge la sabuni likaelekea chini.

"Taja jina langu," Saleh akasema. "Usinifiche, ndugu yangu. Ukinificha utabaki mwongo nusu machoni pake."

Tundu la namna ile haliwezi kufungwa kwa boliti na mtu mmoja. Lazima mmoja awe ndani na mwingine chini. Kwa hiyo walilifunga pamoja, jioni ileile. Osmund alikwangua kingo hadi faiba safi, akajaza gundi ya faiba na kitambaa chake kwa tabaka, akapitisha boliti ya shaba yenye washa, zile pete za mpira. Saleh alilala chini na kanzu yake ya Ijumaa, akishika nati kwa spana.

"Kaza," akasema kutoka chini.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Chai ilipoa kwenye chupa. Wakaagana kwa mkono, na Saleh akaushika mkono wa Osmund kitambo kirefu, kisha akaenda.

Jumamosi Osmund aliziba ufa na boliti za injini, akajaza maji, akalala chini siku nzima. Gunia lilibaki kavu. Jumapili baada ya misa alikwenda Majengo. Milango ya gereji ilikuwa imefungwa. Mama muuza vitumbua wa jirani akamwambia fundi yupo ndani, ila hataki wageni. Osmund alisimama mlangoni, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akaita jina lake. Akangoja. Akarudi Msamala kwa miguu.

Jumatatu boti ilipakiwa juu ya lori. Goodluck alikaa mbele na dereva. Osmund alipanda ndani ya boti, na lori lilipokata kona kuingia Majengo akajikuta juu kuliko mapaa, anaona nyua za watu zote. Akauona ua wa nyuma wa gereji. Saleh alikuwa peke yake kwenye beseni, amechuchumaa, ananawa mikono, anaisugua.

"Saleh!" Osmund akaita. "Fundi! Nitamwambia hukujua!"

Lori lilikuwa linabadili gea, na mngurumo ukameza kila kitu. Saleh hakuinua kichwa. Osmund aliunyosha mkono juu, akauacha hapo mpaka bati la gereji likapotea nyuma ya mabati mengine. Kisha akaketi kwenye benchi lililo juu ya tangi. Mbele yake ilikuwa barabara ndefu ya vumbi kwenda ziwani. Kwa Ursula alikuwa na neno moja tu la kujisemea, nilikifunga, na njia nzima aliitumia kumwombea Saleh.