Kelele za Mzee Orijino

Enzi za kanda, ukitaka wimbo ulikwenda dukani kwa Mzee Orijino, upende usipende. Wezi wa nakala walipomchosha, akaanza kujirekodi akipayuka katikati ya kila wimbo: "Hii ni orijino, kataa feki!" Watu wakacheka, wakanunua. Zikaja sidii, zikaja simu, muziki ukahamia mtandaoni, duka likabaki kuuza makava ya simu. Sasa, ghafla bin vuu, wimbo wa marehemu mkewe unavuma huko huko mtandaoni, na wasambazaji wanataka nakala safi isiyo na kelele zake.

"Pesa kula wewe, baba," binti yake alimwambia. "Mimi nataka lile neno tu."

Neno lenyewe ni jina la utani. Mama alilitunga papo hapo studio, akimwimbia mtoto aliyekuwa tumboni, kisha akafa akimzaa. Kwenye kila kanda iliyouzwa, hapo hapo ndipo Mzee alipopayuka. Binti akiuliza, hujibiwa atalisikia mwenyewe siku moja, maana kelele ziko kwenye nakala tu, kanda ya studio ni safi. Mzee alikuwa ameapa kabisa. Moyoni hakuwa na hakika hata chembe. Nyimbo nyingine alizipayukia studio moja kwa moja ili kazi iishe upesi, sasa ipi ni ipi, nani akumbuke?

Kanda hiyo ya studio ilishaanza kunata kwa uzee. Fundi wa kanda waliyempelekea aliikausha kwa joto dogo, akaonya kwamba itapigika mara moja tu, kisha basi tena. Akabonyeza. Sauti ya mama ikajaa chumba, haina mkwaruzo. Binti akashika ukingo wa meza. Mzee jasho likamtoka. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kelele hakuna. Ee Mungu, nisitiri leo tu, aliomba. Mama akavuta pumzi: "Njoo, wangu, njoo..."

"Hii ni orijino, kataa feki!"

Fundi akainamisha uso. Utepe uliendelea kuzunguka ukipukutisha unga wa kahawia, mpaka wimbo ukaisha. Binti hakulia. Aliuliza taratibu:

"Lakini ulikuwepo, baba. Ulisimama naye. Aliniita nani?"

Mzee angeweza kubuni jina lolote, na binti angelipokea kwa mikono miwili. Mdomo ulikataa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nasubiri zamu yangu."