Winchi Nyekundu Iliyopakwa Wanja

Mtaa mzima hakuna anayejua magari kunizidi. Kuendesha sijui, na kioo cha pembeni cha lori letu nilikivunja kwa kupita tu na ndoo kichwani, lakini kujua najua.

Lori hilo aliniachia marehemu mume wangu. Kazi yake ni kuvuta magari yaliyotumbukia mitaroni na mabondeni. Dereva ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu mgumu wa maneno. Ukimsalimia anafikiria kwanza. Majuzi winchi yetu, ile mashine ya mbele inayokunja waya na kuvuta, ilichoka katikati ya mlima. Basi bovu lililokuwa likivutwa likarudi nyuma, yeye akaruka, kiatu kikabaki chini ya tairi. Tangu hapo simu ya kazini ikiita, binti yangu huacha chochote alichoshika akamtazama mumewe usoni.

Nikasema tununue nyingine. Ndipo akaja kijana wa kampuni, fulana nyekundu kama winchi anayoiuza.

"Bibi, usinunue kwa maneno. Tutazijaribu mbele yako, yetu na ile ya kijani ya wenzetu. Gharama zote juu yetu."

"Na mwamuzi?"

"Wewe hapo."

Nilimpenda. Alinibebea kiti mwenyewe hadi uwanjani, akakipangusa vumbi. Lakini mimi nikipika mwenyewe na kuonja mwenyewe, chumvi haijawahi kuzidi. Kwa hiyo nilikaa macho.

Nyuma ya gereji yetu kuna mteremko. Chini yake waliweka lori bovu lililojaa mawe. Gari lenye winchi ya kijani likasimama karibu nalo. Waya ukatolewa kidogo tu, uliobaki ukajaa kwenye rola unakozungushiwa, mnene kama kitambi cha mwenye nyumba. Ikavuta, ikalia, ikakwama. Likaja lenye nyekundu, likasimama mbali kule juu, waya ukamwagwa karibu wote, rola ikabaki imekonda. Lori likapanda kama mbuzi anayefuata majani.

Mkwe wangu akashusha pumzi. Maskini, nadhani alikuwa ameibana tangu siku ya kiatu.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona. Sasa zibadilishane. Ya kijani iende kule mbali, yako ije hapa."

"Ya nini tena? Imeshashinda."

"Watoto wakikimbia tunawapanga mstari mmoja. Wewe mmoja umemweka mlangoni, mwingine sokoni, na wa sokoni ndiye aliyeshinda. Nataka kujua alikula nini."

Zikabadilishana. Safari hii nyekundu ndiyo iliyolia na kukwama, ya kijani ikapandisha lori bila shida. Nikaomba mara ya tatu, zote zivute kutoka mbali. Zote zikavuta, ndugu wa tumbo moja.

"Mashine yako haina ubaya," nikamwambia. "Sasa ulikuwa unaipaka wanja wa nini?"

"Kweli tena bibi, sikujua. Ule umbali ulitokea tu. Mimi ni mtu wa kuuza, mambo ya waya umetoka kiasi gani siyajui kabisa."

Nikamwachia. Nikasema tutaichukua nyekundu, kwa ajili ya kile kiti.

Mkwe wangu akamgeukia kijana. "Nikiwa mlimani, basi linanining'inia mbele, nifanyeje isichoke kama ile ya zamani?"

Kijana akabadilika sura. Akanisahau kabisa, akamshika mkono.

"Kaka, nisikilize vizuri. Usivute rola ikiwa imejaa, hata kama uko karibu. Rudisha gari nyuma, toa waya, bakiza mizunguko michache tu ili usichomoke. Waya ukijaa pale nguvu inapungua sana, utakufa hivihivi. Si uliona mwenyewe, ile ya kijani mara ya kwanza tuliiweka..."

Akauachia mkono wa mkwe wangu.

Nikasogeza kiti changu karibu yao.

"Endelea, mjukuu wangu. Mliiweka."