Ini Nalo Lilitii

Kila majani yanapopukutika tunavaa suti nyeusi, tunajipanga nyuma ya maabara yetu hapa Osaka, na kuwaombea panya tuliowaua. Anayetaka kucheka na acheke. Kuua tunaua, lakini shukrani hatujasahau.

Mwaka ule Chizuru Mukai, jirani yangu wa meza, alikuja na baba yake. Mzee alikuwa mpishi wa tambi, mtu wa masihara. Sasa saratani ya tumbo ilikuwa imemla akabaki koti tupu. Sote tulijua ni kwa ajili yake Chizuru alikuwa akishinda maabarani na ile protini yake, ambayo huifikia seli ya saratani na kuiamuru ijiue, nayo hujiua bila ubishi.

Mzee aliweka ua juu ya jiwe la kumbukumbu ya panya, akainama, kisha akamgeukia bintiye. Nilikuwa karibu, na masikio sikuyaziba.

"Hawa ndio waliopewa dawa yako?"

"Ndio, Baba."

"Uvimbe wao uliisha?"

Chizuru hajui kudanganya. Tabia hiyo imeniudhi miaka mingi. "Uliisha wote," akasema.

"Ala! Sasa mimi unaninyima nini, we mtoto?"

"Walikufa, Baba. Ini nalo lilisikia amri ile ile, likatii. Siku moja tu, basi."

Mzee akayatazama maua. "Kumbe walikufa bila saratani," akasema. "Wenzangu wamenizidi bahati."

"Baba, usinitanie."

"Nani anatania? Mwezi mzima sijalala kwa maumivu. Nipe na mimi."

"Kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Ulitaka nikaombe kwa nani?"

Profesa alikuwa ameanza hotuba yake, ndefu kama kawaida, nasi tukainamisha vichwa. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nilimwonea Chizuru uchungu hata hotuba sikuisikia.

Jumatatu alinikabidhi ufunguo wa jokofu inamohifadhiwa protini.

"Nifichie," akasema. "Hata nikikulilia, usinipe."

"Haya."

Alhamisi alikuja mezani kwangu. Hakulia. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, akasubiri.

Nikamwambia aketi kwanza, nichemshe chai.