Gamba la Chiriku

Daktari wa mifupa alibandika picha mbili kwenye ubao wa taa, ya mwaka jana na ya leo. Hata bibi, aliyeishia darasa la nne, alizisoma. Uti wa mgongo wa mjukuu wake ulikuwa umezidi kupinda.

"Nyuzi thelathini zimekuwa arubaini na nane," daktari alisema. "Mama Chiriku, koti lake analivaa?"

Koti lenyewe, la kuushika mgongo usizidi kupinda, lilikuwa la plastiki ngumu, lenye mikanda mitatu. Chiriku, mwenye miaka minne na mdomo usiotulia, aliliita gamba. "Mimi kobe," alikuwa akiwaambia watu.

"Usiku na mchana, daktari. Tunamvua akioga tu. Nikiwa kazini anashinda na mama yangu."

"Basi limeshindwa. Itabidi tumpasue tumtie vyuma, na awe anarudi virefushwe kadiri anavyokua."

Bibi alijua sababu. Kila asubuhi, binti yake akishatoka, mtoto alilia joto na kuwashwa, naye alimfungua. Mwanzo ilikuwa wakati wa kula tu. Baadaye ikawa kutwa nzima, mpaka asikie funguo mlangoni, ndipo amfunge mbiombio. Alijiambia mgongo nao unataka kupumzika. Sasa akinyamaza, mtoto ataingia kisuni.

"Nilikuwa namvua," alisema.

"Unasemaje, mama?" daktari aliuliza.

"Mchana. Tangu alipopewa."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Kumbe hata halijajaribiwa," alisema taratibu. "Basi kisu kingoje. Tutamfunga plasta ngumu, kuanzia kwapani hadi nyonga. Hiyo hukaa miezi mitatu ndipo tunabadilisha. Lakini siahidi. Mwaka mzima umepotea."

Binti alimgeukia mama yake. "Kila jioni nilikuuliza."

"Nikakwambia amevaa."

"Alikuwa amevaa nikiingia, mama."



"Kuanzia kesho atashinda kwa mama mkwe," binti alisema, kama anayeagiza chumvi.

Chiriku, aliyekuwa akichezea kamba ya kiatu, aliinua uso. "Bibi, na hiyo plasta utanifungulia?"

"Hiyo haifunguki, mjukuu wangu."

Mdomo wa mtoto ulianza kutetemeka. Akanyoosha mikono, bibi naye akanyoosha yake. Lakini binti alishambeba, akampa mama yake kisogo, akamuuliza daktari plasta wataifunga lini.